Gundi ya Jino: Nani Kiboko?

Kariakoo hakuna gundi dhaifu. Pita Mtaa wa Kongo jioni uone: kila mwenye meza anauza iliyo kiboko kuliko ya jirani yake. Ipo ya viatu, ya mbao, ya vioo, na ile ya kichupa kidogo ambayo wapo wanaojibandikia nayo jino la bandia likidondoka, tabia inayowaudhi sana madaktari wa meno. Ushahidi hutolewa papo kwa papo. Muuzaji anabandika vipande viwili vya soli, anapiga soga kidogo, kisha anakukabidhi: haya, vuta. Ukishindwa kuvitenganisha, umeshanunua.

Maabara za vifaa vya meno hufanya hivyohivyo, ila kwa mashine. Wanabandika, wanasubiri, wanavuta mpaka paachie, wanaandika namba. Namba hizo huingia kwenye majarida ya kitaalamu na kwenye vipeperushi vya makampuni, na kila kampuni ina namba yake inayozishinda zote. Hapa nimewakusanya wababe wa fani hiyo: mzito, mdogo, mkongwe, mkali na mnyonge. Nasema mapema kwamba yupo ninayempendelea, naye ana mtindo wa kazi ulioanzia Muhimbili, mahali unapoweza kufika kwa miguu kutoka sokoni.

Mzigo mzito kuliko yote

Rekodi ya dunia ya mzigo mzito ulionyanyuliwa kwa gundi iliwekwa Ujerumani mwezi Julai 2019. Kampuni ya DELO ilitumia gramu 3 tu za gundi kuunganisha vipande viwili vya chuma cha mviringo chenye upana wa sentimita 7, kisha kreni ikanyanyua lori la tani 17.5 likaning'inia hewani saa nzima.

Gawa mzigo huo kwa eneo lililopakwa gundi, utapata karibu niutoni 45 kwa kila milimita ya mraba. Niutoni moja kwa milimita ya mraba ndiyo inayoitwa megapaskali, na hicho ndicho kipimo wanachozungumza watu wa maabara za meno kutwa kucha. Megapaskali 45 ni kama kuning'iniza kilo nne na nusu za sukari kwenye kijieneo cha milimita moja kwa moja, na pasiachie.

Gundi nzuri za meno, zile zinazoshikilia kompositi (ule ujazo wa rangi ya jino unaogandishwa kwa taa ya bluu), hupata kati ya megapaskali 30 na 60 zinapopimwa kwenye dentini, tabaka la jino lililo chini ya enameli. Kwenye karatasi, basi, kichupa kilichoko kwenye friji ya daktari wa Upanga kina ubavu uleule wa gundi iliyonyanyua lori. Kwenye karatasi.

Kipande kidogo kuliko vyote

Siri iko kwenye ukubwa wa kinachovutwa. Hadi miaka ya 1990 mtindo uliotawala ulikuwa kubandika kidonge cha kompositi chenye upana wa milimita 3 au 4 juu ya jino lililosagwa likawa bapa, kisha kukisukuma kwa ubavu hadi king'oke. Mtindo huo bado unatumika sana, kwa sababu ni rahisi na wa haraka. Lakini gundi zilipozidi kuwa nzuri, tatizo likajitokeza: mara nyingi kilichovunjika hakikuwa gundi, ilikuwa dentini yenyewe iliyomeguka. Namba iliyoandikwa ilikuwa ya nguvu ya jino, huku gundi ikipewa sifa zisizo zake.

Mwaka 1994 Mjapani Hidehiko Sano, akifanya kazi na David Pashley na wenzao huko Georgia, Marekani, alichapisha njia nyingine, ambayo siku hizi hufanywa hivi. Jino lililobandikwa kompositi linakatwa kwa msumeno wa almasi huku likimwagiwa maji, mara ya kwanza kwa urefu, mara ya pili kwa upana, hadi vibaki vijiti vyembamba vyenye unene wa takriban milimita moja kila upande. Nusu ya kijiti ni kompositi, nusu ni dentini, na katikati kuna mstari wa gundi ambao kwa macho matupu ni shida kuuona. Kijiti kinalazwa kwenye kishikio cha chuma na kuvutwa kutoka ncha mbili. Sano aligundua kwamba kadiri eneo lilivyopungua ndivyo namba ilivyopanda, na vipande vidogo vilikatika pale panapotakiwa, kwenye mstari wa gundi.

Sababu yake ilishaelezwa na mhandisi Mwingereza A. A. Griffith mwaka 1921. Vitu vikavu kama kioo huvunjika kuanzia kwenye dosari ndogondogo zilizomo ndani yake, na kipande kikubwa kina nafasi zaidi ya kuficha dosari kubwa. Punguza kipande, umepunguza dosari. Ndiyo maana gundi ileile, jino lilelile, inaweza kupata 20 kwenye kidonge kikubwa na 40 na ushee kwenye kijiti. Anayekwambia gundi yake ina megapaskali 50 bila kukwambia alivuta eneo la ukubwa gani hajakwambia kitu.

Kuna ladha moja katika njia ya Sano ambayo haiandikwi kwenye vipeperushi. Kijiti hushikizwaje kwenye kishikio cha chuma? Kwa sianoakrileti, yaani jamii ileile ya gundi ya kichupa kidogo cha Mtaa wa Kongo. Mmarekani Harry Coover aliikuta kwa bahati mwaka 1942 alipokuwa akitafuta plastiki angavu ya kulengea bunduki, akaitupa kwa kuwa ilinata kila kitu, na kampuni ya Eastman Kodak ikaja kuiuza mwaka 1958. Gundi ya meno ya bei mbaya inapimwa ikiwa imeshikiliwa na gundi ya bei ya soda.

Kwa udogo, ubingwa unakwenda kwa bakteria. Caulobacter crescentus, anayeishi kwenye maji baridi ya mito na vijito, hujibandika kwenye mawe kwa kijimguu chenye gundi ya sukari. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walimvuta mmoja mmoja chini ya hadubini na kupata megapaskali 68, namba iliyotangazwa kuwa kubwa kuliko ya gundi yoyote ya kiumbe hai iliyowahi kupimwa. Griffith angetabasamu.

Kuna pia suala la vijiti vinavyokatika kabla ya kufika kwenye mashine, wakati wa kukatwa kwa msumeno. Watafiti wengine huvihesabu kama sifuri, wengine huvipa namba ndogo ya kukadiria, wengine huviacha kabisa kana kwamba havikuwapo. Gundi mbovu ikivunjikiwa na nusu ya vijiti, halafu ikapimwa kwa vilivyosalia peke yake, itatoka na wastani wa kupendeza. Nikisoma utafiti wa aina hii, ndicho kitu cha kwanza ninachokitafuta.

Mwendo wa polepole kuliko wote

Mashine yenyewe haina papara. Huvuta kwa mwendo wa nusu milimita hadi milimita moja kwa dakika. Kabla ya hapo sampuli hukaa saa 24 kwenye maji ya nyuzijoto 37, joto la mwili. Wanaotaka kujua gundi itazeekaje huizungusha kati ya beseni la nyuzi 5 na beseni la nyuzi 55, chai ya moto na maji ya barafu, mara 500 kwa kiwango cha chini. Mwaka 1999 watafiti Gale na Darvell walikadiria kwamba mizunguko 10,000 inakaribia mwaka mmoja wa kinywa. Wengi huishia kwenye saa 24 za mwanzo, na hapo ndipo namba kubwa kubwa hutoka.

Meno ya kupimia nayo ni bidhaa adimu. Mwongozo wa kimataifa, ISO/TS 11405, unapendelea magego ya mwisho ya watu wa miaka 16 hadi 40, yaliyong'olewa kwa sababu za kitabibu na yasiyozidi miezi sita. Yakikosekana, unaruhusu meno ya mbele ya ng'ombe, ya taya la chini. Ya juu usiyatafute, maana ng'ombe hana. Fungua kinywa cha ng'ombe yeyote aliyeshushwa machinjio ya Vingunguti utakuta meno manane mbele chini, mapana na bapa, na juu yake ufizi mgumu mtupu. Kwa mtafiti wa Dar es Salaam hiyo ni malighafi isiyoisha, na ni mapana kiasi cha kubandikwa vidonge vya kupimia bila kubana.

Enameli nene kuliko zote

Iko Mtaa wa Shaaban Robert, Posta. Fuvu ambalo Mary Leakey alilikuta Olduvai tarehe 17 Julai 1959, maarufu kama Zinjanthropus, limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa. Lina umri wa miaka takriban milioni 1.75, na magego ya jamii yake ndiyo makubwa na yenye enameli nene kuliko ya ndugu wengine wote wa ukoo wa binadamu.

Enameli ni kitu kigumu kuliko chochote mwilini, madini matupu kwa takriban 96% ya uzito wake, na kwa muda mrefu hakuna kilichoweza kuinata. Aliyepata dawa ni daktari Michael Buonocore wa Rochester, New York. Alijua kwamba viwandani chuma hupakwa asidi ya fosforasi ili rangi ishike, akaipaka kwenye meno kwa sekunde 30, ikiwa na nguvu ya 85%, kisha akasuuza. Asidi ikala enameli kwa mashimo madogo sana, plastiki ikaingia humo na kujifunga. Makala yake ilitoka mwaka 1955, na madaktari wengi wakaipuuza kwa miaka. Leo asidi imepunguzwa hadi 35% au 37%, kazi ni ileile.

Dentini ilisumbua zaidi, kwa kuwa ni mbichi. Ina mirija inayotoka kwenye kiini cha jino, karibu 20,000 kwa milimita ya mraba upande wa nje na hadi 45,000 upande wa ndani, yote ikiwa na majimaji. Ukiikausha sana, nyuzi zake hulala na gundi haipenyi. Ukiiacha na maji mengi, gundi huyeyuka ndani yake. Mwaka 1982 Nobuo Nakabayashi wa Tokyo alionyesha gundi inavyofaulu: hupenya kati ya nyuzi na kufanya tabaka la mchanganyiko, nusu jino nusu plastiki. Kwenye maabara kazi hiyo hufanyika kwenye chumba cha nyuzijoto 23. Dar es Salaam mwezi Februari, umeme ukiwa umekatika, hewa ina unyevu wa kutosha kuharibu hesabu za mtu, na vimiminika vya gundi hizo, vyenye asetoni au spiriti, hupotea hewani kila kichupa kinapoachwa wazi. Mkebe wake umeandikwa joto la kuhifadhia. Anayenunua aangalie hilo kabla ya kuangalia megapaskali.

Maji makali kuliko yote

Shirika la Afya Duniani limeandika kwamba floridi ya asili nyingi kuliko zote zilizowahi kupimwa kwenye maji ilikutwa Ziwa Nakuru, Kenya: miligramu 2,800 kwa lita. Kiwango linachopendekeza kwa maji ya kunywa ni 1.5. Hakuna anayekunywa Ziwa Nakuru, lakini visima na chemchemi za Bonde la Ufa zina ndugu wa maji hayo, na mtoto anayekua akiyanywa huota meno yenye madoa meupe au ya kahawia. Kariakoo imejaa wafanyabiashara waliozaliwa pande za Arusha na Kilimanjaro, na wengi wanaijua rangi hiyo kwenye kioo. Hata skeli inayotumika duniani kupima madoa hayo, ya 0 hadi 9, iliyotolewa mwaka 1978 na Wadenmaki Thylstrup na Fejerskov, ina Tanzania ndani yake. Thylstrup alichunguza watoto wa maeneo ya nchi hii ambayo maji yake yalifika miligramu 21 kwa lita.

Sasa muulize mtu wa gundi: jino kama hilo linashika? Swali si la urembo mtupu, kwani mwenye madoa ndiye anayetaka kufunikwa kwa kompositi, na mtoto wake ndiye atakayebandikwa breketi za kunyoosha meno. Juu ya jino hilo kuna ngozi nyembamba iliyojaa madini kupita kiasi, sugu kwa asidi. Chini ya ngozi hiyo enameli ina vinyweleo na ni dhaifu. Asidi ya Buonocore inagonga mlango mgumu na kuingia kwenye nyumba mbovu.

Waliolipima jambo hili mapema ni watu wa kwetu. Mwaka 1986 Gladys Opinya wa Chuo Kikuu cha Nairobi na mwenzake Pameijer walichapisha vipimo vya kuvuta kompositi kwenye meno ya Wakenya yaliyoathirika na floridi, na wakakuta nguvu imeshuka. Mwaka 1992 Peter Ng'ang'a, naye wa Nairobi, akishirikiana na Mark Chindia na wenzao wa Norway, alivuta breketi kutoka kwenye meno yenye madoa na yasiyo na madoa, akakuta hakuna tofauti ya maana.

Nani mkweli? Wote. Ukali wa madoa haukuwa lazima uwe mmoja, na kilichobandikwa hakikuwa kimoja: breketi ina kikalio cha chuma chenye wavu, na mara nyingi kinachoachia ni mahali gundi inapokutana na chuma, jino likiwa halijajaribiwa kabisa. Isitoshe, breketi haihitaji ubabe. Kiwango ambacho madaktari wengi hukitaja, cha Reynolds wa mwaka 1975, ni megapaskali 6 hadi 8 tu, kwa kuwa mwisho wa matibabu lazima itoke bila kung'oka na enameli. Hapo namba kubwa kupita kiasi ni hatari.

Mkongwe kuliko wote

Huyu ni wa kupita haraka. Huko Riparo Fredian, Italia, meno ya mbele ya mtu aliyeishi miaka 13,000 iliyopita yalikutwa yamechokolewa na kujazwa lami ya asili. Na jino la Lonche, Slovenia, la miaka 6,500, lilikuwa limezibwa kwa nta ya nyuki. Hakuna aliyevuta hizo kwa mashine.

Mnyonge kuliko wote

Nimemweka mwisho kwa makusudi. Weka mezani vifaa vyote vya kuziba meno, uvipime kwa mashine, na wa mkiani atakuwa glasi ayonoma: unga wa kioo uliochanganywa na asidi laini, uliotengenezwa London na Wilson na Kent mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mara nyingi hupata megapaskali 5 hivi. Ila ukitazama kwa hadubini palipovunjika, unakuta tabaka jembamba lake bado limekamata jino. Kilichovunjika ni mwili wake wenyewe. Inajiunga na jino kikemia, bila asidi kali, na kaka yake wa kwanza katika kazi hiyo ni simenti ya polikaboksileti, iliyotolewa na Dennis Smith wa Uingereza mwaka 1968.

Katikati ya miaka ya 1980 shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Muhimbili, ilikuwa na swali lisilohusu megapaskali hata kidogo. Vijijini hakukuwa na umeme wa kuzungushia mashine ya kutoboa, na aliyeumwa jino alikuwa na tiba moja, koleo. Mholanzi Jo Frencken, aliyekuwa akifundisha hapo, na wenzake wakajaribu kitu cha kawaida mno. Walikwangua sehemu laini iliyooza kwa vifaa vya mkono peke yake, bila mashine, mara nyingi bila hata sindano ya ganzi, wakaliziba shimo kwa simenti ya polikaboksileti ya Smith. Baadaye nafasi yake ilichukuliwa na glasi ayonoma. Frencken aliueleza mtindo huo kwenye mkutano wa chama cha madaktari wa meno wa Tanzania, Morogoro, mwaka 1986. Majaribio makubwa yakafuata Thailand na Zimbabwe, na tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani likauidhinisha kwa dunia nzima kwa jina la ART.

Ukiutazama kwa karibu, hauna kitu cha kuonyeshea watalii. Daktari anakoroga unga na maji yake kwenye karatasi, anajaza shimo kwa kijiko kidogo hadi kuzidi kidogo, anapaka vaselini kwenye kidole cha glavu na kukandamiza juu ya jino kwa sekunde kadhaa. Kidole hicho ndicho mashine. Kinachomwagika pembeni kinakwanguliwa, mgonjwa anaambiwa asile kwa saa moja.

Sasa kuhusu huyu mnyonge. Mwaka 2005 Marleen Peumans na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walikusanya matokeo ya miaka mingi, ya vinywani mwa watu, ya kuziba mashimo ya shingoni mwa jino, yale yanayochimbwa na mswaki badala ya kuoza. Huko hakuna kingo za kushikia, gundi inasimama peke yake. Glasi ayonoma zilianguka kwa wastani wa 1.9% kwa mwaka. Gundi za kompositi za hatua tatu zilianguka kwa 4.8%. Zile za hatua moja, za haraka na rahisi, nyingi zikiwa na namba za kutamba kutoka maabara, zilianguka kwa 8.1%. Wa mkiani kwenye mashine ndiye aliyeongoza kinywani.

Si kwamba mashine hudanganya kila mara. Kikundi hichohicho cha Leuven kiliifuatilia gundi ya Kijapani iitwayo Clearfil SE Bond kwa miaka 13 na kukuta zaidi ya 90% ya viziba vyake bado viko mahali pake, na gundi hiyo hufanya vizuri maabara pia. Wala glasi ayonoma si malaika: ni dhaifu chini ya mgandamizo wa kutafuna, na ART inayofanya vizuri ni ya shimo la upande mmoja wa jino. Shimo likishakula pande mbili, hasa kwenye meno ya utotoni, kiziba huanguka mapema, na daktari anayekuahidi vinginevyo anafanya biashara.

Mwaka 2021 glasi ayonoma iliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kompositi ikafuata mwaka 2023. Zote mbili sasa ziko ukurasa mmoja, moja ikihitaji asidi, gundi, taa na umeme usiokatika, nyingine ikihitaji kidole chenye vaselini na mgonjwa anayeweza kukaa kinywa wazi dakika chache.